Kambale wa Shimo la Matofali

Pwa! Kimya kidogo. Pwa! Kisha tena, pwa!

Katika nyumba ya mfyatua matofali hakuna aliyehitaji jogoo. Kabla dirisha halijaingiza mwanga, baba alikuwa tayari amepiga magoti nyuma ya nyumba, akibwaga bonge la udongo ndani ya kalibu, lile boksi la mbao linalolipa tofali umbo lake. Binti yake wa miaka kumi na miwili aliusikia mlio huo akiwa bado amefumba macho, na kwa mlio tu alijua kama udongo wa siku hiyo ni mzuri. Udongo mzuri ulisema pwa. Udongo wenye maji mengi ulisema pwacha.

"Bingwa! Unasubiri matofali yajigeuze yenyewe?" baba aliita.

"Nakuja, Baba!"

Kazi yake ya asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, ilikuwa kugeuza matofali ya jana ili upande wa pili nao uote jua. Jina la Bingwa alilipata mwaka uliopita, watoto wa mtaa waliposhindana kuvua mtoni, naye akarudi na samaki mrefu kuliko mkono wake. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita jina lake la kuzaliwa, na yeye hakulidai.

Mwisho wa uwanja wa matofali kulikuwa na shimo. Baba alichimba udongo hapo miaka mingi, shimo likapanuka, maji ya chini yakachimbuka, likageuka bwawa dogo. Ukingo mmoja ulikuwa mweupe, hauna hata jani. Ukingo wa pili ulisongwa na matete. Kwenye kona ya tanuri, chini ya maji, yalilala matofali mabovu yaliyotupwa humo kila mara tanuri lilipofunguliwa. Kwa sababu ya matofali hayo, kila wavu uliokokotwa bwawani ulinasa na kuchanika. Kulikausha nako kulishindikana. Ulichota ndoo moja, ardhi ikarudisha mbili.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyeona samaki pale ambapo wengine waliona shimo. Alikuwa fundi cherehani, lakini mwaka uliopita alimwaga humo vifaranga wa perege, akawalisha pumba mpaka mikono ikanuka pumba. Siku ya kuvuna hakupata hata samaki wa kuonja. Mtaa ulicheka.

"Wenzake wanafuga kuku," walisema, "yeye anafuga maji."

Shangazi hakukata tamaa. Mwaka huu alianza upya. Vifaranga wapya walikuwa kwenye tangi la plastiki barazani kwake, nao walishakua mpaka tangi likawabana. Kila asubuhi walijazana juu ya maji wakihema kwa midomo wazi.

"Jumamosi lazima watoke humu," alisema. "Wakizidi hapo, nitazika samaki badala ya kufuga."

"Sawa, Dada," baba alimjibu. "Nakuheshimu, lakini uwanja umenibana. Safari hii ukivuna maji tena, shimo nalifukia, nipate pa kuanikia matofali."

"Utalifukia na mimi nikiwa ndani."

"Basi utoke mapema."

Walicheka wote wawili, lakini Bingwa aliona kwamba baba alipomaliza kucheka hakuyabadilisha maneno yake.

Shangazi alimgeukia Bingwa. "Mwanangu, mwaka jana pumba iliisha, vifaranga wakaisha, na mlaji hakuonekana. Bila shaka mle mna kambale. Wewe ndiye mvuvi wa ukoo. Nitolee mwizi yule kabla ya Jumamosi."

"Hiyo ni kazi ya jioni moja, Shangazi," Bingwa alijibu, kichwa juu.

Alipotoka shule siku hiyo alichukua vifaa vyake vyote vya mtoni: fimbo ndefu, mshipi mnene, kipande kizito cha risasi cha kuzamishia, na mwishoni kabisa kijiko chake cha bati, kilichosuguliwa mpaka kikang'aa kama kioo. Kijiko hicho, chenye ndoano tatu mkiani, ndicho kilichompa jina. Samaki wa mtoni alikiona kikimetameta, akadhani ni samaki mdogo, akakirukia.

Jua lilikuwa kali bado. Bingwa alisimama kwenye ukingo mweupe, kivuli chake kikilala juu ya maji, akazungusha fimbo na kurusha. Kijiko kilipaa, kikametameta, kikatumbukia katikati ya bwawa kwa kishindo. Watoto waliokuja kutazama walipiga makofi.

"Ala! Unavua au unatupa mkuki?" aliuliza binamu yake, mtoto wa Shangazi. Huyu aliitwa Sindano, kwa kazi ya mama yake na kwa wembamba wake mwenyewe.

"Samaki wakubwa hukaa mbali," Bingwa alimjibu. "Wewe kaa karibu na vyura wenzako."

Akarusha tena, mbali zaidi. Makofi tena. Alirusha mpaka bega likauma, asipate hata mguso. Siku ya pili ikawa vilevile, ila makofi yalipungua. Upande wa matete hakwenda. Kule mshipi ungenasa, na akivuta kwa nguvu ungekatika, kijiko kibaki majini. Bingwa bila kijiko chake angekuwa bingwa wa nini? Kona ya tanuri, palipojaa matofali mabovu, hakuitazama hata mara moja.

Jioni hiyo Shangazi alimkuta akikunja mshipi.

"Vipi, mvuvi wangu?"

"Hakuna kitu, Shangazi."

"Umejaribu kila mahali?"

Bingwa aliangalia vidole vya miguu yake. "Kila mahali."

"Hata kwenye matete?"

"Hata kwenye matete. Bwawa liko safi."

Uso wa Shangazi ulichanua. Alikwenda moja kwa moja kwa majirani kuwaomba waje Jumamosi asubuhi na ndoo zao, wamsaidie kuwahamisha vifaranga. Bingwa alimsikia akicheka huko nje, akazidi kukunja mshipi uliokuwa tayari umekunjwa.

Ijumaa, jua lilipokwisha kujificha nyuma ya tanuri, baba alimtuma achote maji ya kulowesha magunia yaliyofunika matofali mabichi, yasikauke haraka na kupasuka. Alikwenda peku, peke yake, na kwa kuwa ukingo mweupe ulikuwa umechimbika kwa kukanyagwa, alichotea penye matete. Alichuchumaa. Akainamisha debe taratibu lisitibue matope.

Karibu kabisa na debe, pale ambapo angeweza kunyoosha mkono na kugusa, maji yaliinuka. Kikatokea kichwa kipana, bapa, cheusi, chenye sharubu ndefu pande zote mbili. Kikafunua mdomo, kikameza hewa, kikazama. Wingu la matope likabaki likizunguka.

Kambale hana haraka ya kujionyesha, lakini kila baada ya muda hupanda juu kuvuta hewa. Bingwa alilijua hilo kutoka darasani. Hakuwa amelifikiria hata mara moja kwa siku zote mbili alizosimama pale akipigiwa makofi.

Alirudi na debe nusu. Sindano alikuwa ameketi juu ya rundo la matofali akila muwa.

"Umeona jini?"

"Nimeona kambale. Kichwa chake hiki hapa," alisema akitanua viganja.

Sindano aliacha kutafuna. Akatazama huku na huku. "Nani mwingine amemwona?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza. Kambale mmoja atakula wangapi? Na mama ameshaita watu. Ukisema sasa, utaambiwa mwongo mtaa mzima."

"Mwaka jana walibaki wangapi?"

Sindano alitema makapi ya muwa. Jibu walilijua wote.

Shangazi alikuwa kwenye cherehani, akimalizia mkunjo wa pazia. Bingwa alisimama mlangoni mpaka gurudumu likasimama.

"Ingia, mama. Mbona unasimama kama mdai kodi?"

"Shangazi, bwawa si safi. Kuna kambale mkubwa kwenye matete. Nimemwona sasa hivi. Na... kwenye matete sikuvua. Wala kwenye kona ya tanuri. Nilivua upande mmoja tu."

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. Bingwa alitamani agombezwe yaishe.

"Kukosa samaki si kosa," alisema hatimaye. "Anayevua hukosa, na anayeshona hukosea. Lakini hilo neno, 'kila mahali', ulilitoa wapi?"

"Niliogopa kukiri kwamba nimeshindwa."

"Na kesho ningemwaga watoto wangu wote mdomoni mwa yule mwenye sharubu, kwa kuliamini neno lako. Halafu baba yako angefukia shimo, na mimi ningedhani nina mkosi."

Machozi yalimjaa Bingwa machoni. Shangazi hakumpa nafasi ya kuyamwaga.

"Yafute. Giza bado. Lete vifaa vyako hapa mezani."

Bingwa alivileta. Shangazi aligusa kile kijiko kinachong'aa kwa ncha ya kidole.

"Mimi samaki siwajui. Najua sindano. Nikishona turubai kwa sindano ya hariri, inavunjika. Nikishona hariri kwa sindano ya turubai, naitoboa matundu. Kwa hiyo kitambaa kikija, nakishika kwanza, nakisugua hivi, ndipo nachagua sindano. Sasa niambie, maji ya mtoni yakoje?"

"Yanakwenda. Ni maangavu."

"Na ya shimoni?"

"Yamesimama. Ni mazito kama chai ya maziwa."

"Humo nani atakiona kijiko?"

Bingwa alikichukua kijiko, akakigeuza. Kisha akaanza kusema polepole, kama mtu anayehesabu ngazi gizani. "Hawezi kukiona. Anatafuta kwa sharubu. Kwa harufu. Kwa hiyo... ndoano moja tu, na chambo kinachonuka. Matumbo ya kuku. Na fimbo ndefu haiingii kwenye matete, nitafute kijiti kifupi. Hii risasi nzito inamshtua, tena inazama kwenye matope. Niitoe. Mshipi mnene ubaki, maana ana nguvu." Alisita. "Na nisirushe mbali. Yeye yuko ukingoni. Nilikuwa narusha nikimruka."

"Unaona? Na nani aliyekufundisha?"

"Wewe, Shangazi."

"Mimi nimeuliza tu. Nenda, kabla mwanga haujakwisha."

Sindano, aliyekuwa akisikiliza dirishani, alikwenda kuomba matumbo ya kuku kwa jirani, akarudi amebana pua. Alipoona kijiti kifupi chenye mshipi na ndoano moja isiyong'aa alisema, "Hii ni ya kuvulia ndala."

"Vua zako, basi, tutembee bila kelele."

Walinyata. Bingwa alichuchumaa nyuma ya matete, safari hii bila kivuli juu ya maji, akashusha chambo taratibu mpaka kikagusa maji bila hata kutoa sauti. Wakasubiri. Mbu waliwala. Sindano alitaka kuwapiga, Bingwa akamkazia jicho, naye akaliwa kimyakimya kama shujaa.

Mshipi ulisogea. Haukushtuka, ulijivuta kando, polepole. Mtoni Bingwa angenyanyua papo hapo. Hapa alijizuia. Acha ameze. Acha ageuke. Mshipi ulipokaza, naye akakaza.

Maji yalipasuka. Kambale alivuta kuelekea kwenye matofali mabovu, mshipi ukamchana Bingwa kiganja.

"Gunia! Nipe gunia!"

Sindano alimtupia gunia lililolowa la kufunikia matofali, Bingwa akalizungushia mkononi na kushika upya. Hakumlegezea hata kidogo, kwani akifika kwenye matofali, kwaheri. Kambale alipokaribia ukingo, Sindano alijitupa kumkumbatia, akateleza, akazama mpaka kiunoni, akainuka na matope kichwani na samaki kifuani.

"Nimemkamata! Au yeye kanikamata! Mtoeni!"

Baba alikuja mbio na koleo mkononi, akidhani mtu anazama. Alipomwona kambale akigaragara kwenye nyasi, urefu wa mguu wa mtoto, aliweka koleo chini. Alichuchumaa, akamtazama, akamgeukia binti yake.

"Kumbe tulikuwa tunamfuga huyu."

Asubuhi ya Jumamosi majirani walifika na ndoo. Habari ya kambale ilishawatangulia, na walikuwa wachangamfu. Shangazi alisimama mbele ya tangi. Vifaranga walihema juu ya maji.

"Sasa mvuvi wangu, tuambie," aliita mbele ya watu wote. "Bwawa liko safi?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni, tamu na rahisi. Mwizi ameshakamatwa. Watu wameshakuja. Ndoo ziko wazi. Bingwa alimtazama baba, akatazama zile ndoo.

"Sijui, Shangazi."

Kicheko kilizuka. "Bingwa hajui!" alisema jirani mmoja, mwenye duka. "Basi leo tumekuja kubeba nini, upepo?"

Masikio ya Bingwa yaliwaka moto, lakini aliendelea. "Kwenye matete nimemtoa mmoja. Kwenye kona ya tanuri bado sijajaribu. Mpaka nijaribu, sijui."

Baba alikuna kidevu. "Dada, vifaranga wataweza kungoja?"

Shangazi aliinama juu ya tangi. Lilikuwa jambo la hatari, na kila mtu aliliona usoni mwake. Kisha akajinyoosha.

"Wakibadilishiwa maji, watangoja. Jamani, mmekuja na ndoo, hamtarudi bure. Nusu ya tangi tumwage, tujaze maji mapya. Na kesho tena."

Walinung'unika, wakacheka, wakabeba. Vifaranga walipopata maji mapya walishuka chini, wakaacha kuhema.

Jioni Bingwa alikwenda kwenye kona ya tanuri, safari hii pamoja na baba. Kwanza alikaa akitazama. Chini yote ni matofali. Ndoano ikishuka mpaka chini itanasa. Akakata kipande cha ganda la muhogo mkavu, akakifunga kwenye mshipi kiwe boya, ili ndoano ining'inie juu ya matofali badala ya kulala juu yake.

"Jana hukuweka hicho," baba alinong'ona.

"Jana chini palikuwa matope, Baba. Hapa ni matofali."

Baba, ambaye maisha yake yote alikuwa akirekebisha maji ya udongo kwa kuusikiliza mlio wake, aliitikia kwa kichwa. Baadaye kidogo boya lilizama, wakamtoa kambale wa pili, mdogo kuliko wa kwanza lakini mwenye tumbo nene.

Jumapili walibadilisha tena maji ya tangi. Jioni Bingwa alizunguka bwawa lote, matete, kona, ukingo mweupe, kwa kimya, akiwa na chambo kinachonuka. Hakupata hata mguso. Alikaa mpaka mwanga ukaisha, akisubiri kichwa kimeze hewa. Hakikutokea.

Jumatatu kabla ya shule vifaranga waliingia bwawani, ndoo baada ya ndoo, wakitawanyika kama punje za mtama zilizomwagika. Vifaranga wachache walikuwa wamekufa kwenye tangi kwa kungoja, na Shangazi aliwahesabu bila kuficha huzuni yake. Kisha alimketisha Bingwa kando yake kwenye rundo la matofali. Sindano na baba walisimama karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Hawa waliokufa ni hasara, lakini ni hasara ninayoiona. Ile ya mwaka jana ilinila nisiione. Mtu anayevua mahali pamoja na kusema amevua kila mahali hamdanganyi mwenzake tu. Anajifunga macho mwenyewe, kwa sababu anaacha kutafuta. Ulipokosa samaki, bwawa halikukwambia kwamba ni tupu. Lilikwambia kwamba hujaliuliza vizuri. Tazama maji kwanza, ndipo uchague ndoano. Na usichokijua, sema hukijui. Siku uliyosema 'sijui' mbele ya mtaa mzima, ndiyo siku niliyokuita bingwa moyoni mwangu."

"Na shimo?" Sindano alimuuliza baba.

"Shimo gani?" baba alijibu. "Mimi naona bwawa. Matofali nitaanika kwingine. Ila mvua zikija, kambale hutambaa kwenye majani kutoka mferejini. Nani atalilinda?"

Bingwa alisimama. Aliushika mkono wa Shangazi, ule wenye kovu la sindano kwenye kidole gumba, akasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Shangazi, nakuahidi. Kila jioni nitakuja kukaa hapa mpaka samaki wako wavunwe. Nikimwona kambale nitasema nimemwona. Nisipomwona nitasema sijamwona. Na siku nisiyokuja, nitasema sikuja."